Antena ya Kumsikia Linah

Ndabibi,
12 Januari 2025

Dada yangu Linah,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba huko Dundori mnakula vizuri. Sisi tuko salama. Jua limechoma nyasi mpaka ng'ombe wanalamba udongo kando ya birika, lakini maziwa bado yanatoka ya kutosha nyumba na ya kuuza kidogo. Wifi yako Jepkemei ni mjamzito. Daktari anasema itakuwa mwezi wa sita. Mimi nilitaka ningoje kukuambia, yeye akasema nisipoandika ataandika mwenyewe.

Mama hajambo. Anakusalimu.

Sasa kilichonifanya nikae chini niandike ni hiki. Wiki iliyopita nilikuwa Naivasha kununua dawa ya kupe, nikakutana na katekista mmoja. Tulipozungumza nikamwambia nina dada yuko kwenye malezi ya utawa, Dundori. Akaniuliza, "Ni wale wasichana wanaoimba redioni?" Mimi sikujua chochote. Akanieleza kwamba kila Jumapili saa kumi na moja jioni mnaimba kwenye redio ya kanisa ya Nakuru, na yeye huwasikiliza kila wiki.

Nilirudi nyumbani nikajaribu. Hakuna. Ni mvumo tu, kama mtu anakaanga kitu. Mlima Eburru umesimama katikati yetu na Nakuru. Nikapanda na redio ndogo mpaka kwenye tangi la maji kule juu, nikapata nusu ya wimbo, halafu upepo ukachukua. Hata hiyo nusu, nilikaa pale nikiwa nimeishikilia redio juu ya kichwa kama mwendawazimu.

Kwa hivyo nimeamua. Nitasimamisha nguzo nyuma ya jikoni na kuweka antena ya nje. Najua unachofikiria. Tangu radi impige Baba pale langoni, Mama hata jembe haachi nje mawingu yakikusanyika. Nitaongea naye. Nitamwambia ni kwa ajili ya taarifa za Kikalenjin.

Niandikie mapema.

Ndugu yako,
Kipkirui


Nyumba ya Malezi, Dundori,
2 Februari 2025

Ndugu yangu Kipkirui,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara nyingi. Nakusalimu wewe, na wifi yangu Jepkemei, na huyo anayekuja. Mwambie Jepkemei nimecheka peke yangu shambani mpaka wenzangu wakaniuliza kama mimi ni mzima. Huku tunavuna viazi. Mikono yangu sasa huwezi kuitofautisha na ya mtu wa kuchimba mitaro.

Usinilaumu kwa kuchelewa. Mwaka huu wote wa malezi hatuna simu, hatuendi nyumbani, na barua tunaandika Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Sista Winrose, ambaye ni mlezi wetu, anasema ndiyo namna ya kujua kama mtu amekuja kweli au ametoroka kitu. Ni mkali lakini si mbaya.

Umeandika Mama ananisalimu. Ni yeye alisema, au ni wewe? Nakuuliza kwa sababu siku ile nilipoondoka hakutoka jikoni. Unakumbuka alivyosema, "Nilizika mume. Sasa nazika na mtoto, na huyu anatembea." Mwaka unaisha na hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwake. Sikasiriki. Yeye ni mtu wa kanisa lake, na mimi nimekuja kwa Wakatoliki, na tena sitazaa. Naelewa yote mawili. Lakini nataka kujua kama alinisalimu.

Kuhusu kuimba, katekista alisema kweli. Kuna kijana anapanda na mashine ya kurekodi kutoka Nakuru. Mimi niko sauti ya pili, na zaburi ya mwanzo huwa naiimba peke yangu. Siku hizi nimeshikwa na mafua yasiyoisha, ni vumbi la viazi.

Nguzo usisimamishe. Tafadhali. Chuma juu ya nyumba ya Mama, Kipkirui? Hata kama hakuna mvua sasa, itakuja.

Ni mimi dadako,
Linah


Ndabibi,
16 Februari 2025

Dada Linah,

Salamu. Huku hatujambo, isipokuwa ndama mmoja ambaye amehara wiki nzima na sasa anaanza kusimama. Jepkemei anataka kula ndimu na udongo. Ndimu nimeleta.

Barua yako ilinifikia nguzo ikiwa imeshasimama. Usikasirike kabla hujasikia nilivyofanya.

Nilienda Nakuru kwa mzee mmoja Mhindi anayeitwa Hitesh, ana duka la vitu vya redio tangu wakati wa babake. Nilimwambia nataka antena ya kuvuka Eburru. Akaniuliza nyumba iko upande gani wa mlima, nguzo itakuwa ya nini, paa ni la nini. Nikamjibu. Akachukua ile antena yenye vijiti vingi kama mgongo wa samaki, akaiweka juu ya meza, lakini mkono hakuutoa.

"Fimbo ya shaba ya kupiga ardhini unayo?"

Nikamwambia sina, nitatafuta baadaye.

"Basi na antena utakuja kuchukua baadaye."

"Boss, mimi nimetoka Ndabibi."

"Hata ungetoka Kisumu. Nguzo bila waya wa kuteremsha umeme ardhini mimi siuzi. Nyumbani kuna nani?"

Nikamwambia mke na mama. Kisha, sijui kwa nini, nikamwambia na habari ya Baba. Akaenda nyuma akaleta fimbo, na waya mnene, na kifaa kidogo cha kuweka pale waya wa antena unapoingia nyumbani, akaniketisha akanichorea kila kitu kwenye karatasi ya kufungia. Akasema hata nikifanya yote hayo sawasawa, mawingu yakija nichomoe waya kwenye redio niutupe nje, nisingoje kusikia ngurumo.

Nguzo ni bomba la maji, refu kuliko paa mara mbili, limeshikwa na nyaya pande tatu. Kipngetich wa boma la chini alinisaidia kuinua. Fimbo ya shaba ilikataa kuingia, chini pale ni mwamba, tukahamia upande wa shimo la takataka ambako udongo ni laini.

Mama alikuwa mlangoni tangu tulipoanza. Nguzo iliposimama akaniuliza, "Unataka kuiita tena?"

Nilimweleza habari ya waya na shaba. Akarudi ndani. Tangu siku hiyo haingii jikoni kupitia mlango wa nyuma, anazunguka nyumba yote akiwa na maji kichwani.

Jumapili iliyofuata nilifungua redio. Upepo ulikuwa umegeuza antena ikatazama Narok. Nitapanda tena kuikaza.

Ndugu yako,
Kipkirui


Nyumba ya Malezi, Dundori,
2 Machi 2025

Kwa Kipkirui,

Natumaini hamjambo, na ndama amepona. Sisi tumemaliza viazi, sasa tunajiandaa kwa Kwaresima.

Hukunijibu nililouliza. Uliniandikia habari ya shaba na bomba na mzee wa duka, lakini mahali pa salamu za Mama umeruka. Basi nimejua.

Kipkirui, ishushe hiyo nguzo. Nikifunga macho naiona. Namwona Mama akizunguka nyumba na maji kichwani, naona mawingu yakitoka upande wa Mau. Wewe siku ile ya radi hukuwa nyumbani, ulikuwa kwa kazi kule Gilgil. Mimi ndiye niliyekimbia na Mama hadi langoni. Ndama wawili walikuwa wamelala kama wamechoka tu, na Baba mkono wake bado umeshika waya wa seng'enge. Mama hakulia. Alianza kumbandua vidole kwenye waya, kimoja kimoja. Sasa umemwekea chuma kirefu kuliko hilo lango, ili iweje? Ili anisikie mimi? Sitaki mtu yeyote asumbuke kwa ajili ya sauti yangu.

Sista Winrose amenipa kazi kwa ng'ombe, kwa hivyo mchana niko zizini. Juzi niliteremka naye Nakuru kwa shughuli fulani na nikaona Eburru kwa mbali, nikafikiri kwamba nyuma yake ndiko mlipo. Si mbali. Mtu angeondoka asubuhi angefika kabla ya chakula cha mchana.

Niombeeni.

Linah


Ndabibi,
23 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Tumekusikia.

Naanza na hilo, salamu zitakuja. Tumekusikia, Linah. Nilipanda nikakaza antena nikiigeuza kidogo kidogo, Jepkemei akiwa dirishani na redio. "Imepotea. Rudisha. Hapo. Hapana, umepita. Hapo hapo, usipumue." Na kweli sikupumua. Nilisikia kutoka juu ya ngazi msichana akiimba zaburi peke yake, sauti kama maji safi, halafu wengine wakaingia. Jepkemei alikuwa analia na mimi nikateremka bila kuangalia ninapokanyaga.

Sauti yako imekuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Nadhani ndiyo mafunzo.

Sasa nikuambie habari ya Mama. Jumapili ile ya kwanza alikuwa jikoni anamenya viazi. Niliongeza sauti makusudi. Jepkemei alichungulia akasema kisu kimesimama. Hakumenya tena mpaka mlipomaliza. Jumapili ya pili kigoda chake kilikuwa kimesogea mlangoni. Leo, dakika chache kabla ya saa kumi na moja, aliingia sebuleni mwenyewe akaketi karibu na redio, mikono magotini, akainamisha kichwa kama anasikiliza mtu anayenong'ona. Mlipomaliza alinyanyuka akaenda kukamua. Sikumfuata. Niliogopa kuharibu.

Umesema umejua kuhusu salamu. Sitabishana. Lakini mtu anayesogeza kigoda kila wiki, mimi nahesabu hiyo ni salamu.

Mvua bado haijaanza. Waya nauchomoa kila tukimaliza, na kila nikiondoka nyumbani. Nalala nao kichwani, huo waya. Hata usiponiambia.

Jepkemei anakusalimu, tumbo sasa ni kubwa.

Kipkirui


Nyumba ya Malezi, Dundori,
6 Aprili 2025

Ndugu yangu Kipkirui,

Salamu kwenu nyote. Naandika kwa haraka, Pasaka imekaribia na kazi ni nyingi.

Nimefurahi kwamba mlisikia. Zaburi ilikuwa nzuri? Nimefurahi sana.

Usimwulize Mama chochote. Mwache asikilize.

Mvua ikianza chomoa waya hata kama tuko katikati ya wimbo. Niahidi hilo.

Dadako,
Linah


Ndabibi,
27 Aprili 2025

Dada Linah,

Natumaini umekuwa na Pasaka njema. Sisi tulichinja kuku, na mvua hatimaye imeanza. Nyasi zimerudi. Jepkemei anavimba miguu jioni, muuguzi anasema alale upande wa kushoto na apunguze chumvi.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi hata Jepkemei akageuza karatasi kuangalia nyuma. Nilijiambia ni kazi za Pasaka. Sasa sijui, na naandika nikiwa na wasiwasi ambao siwezi kuuweka mahali. Soma yaliyotokea leo kisha unijibu bila kuzunguka.

Tangu mchana mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mau. Ilipofika saa kumi na moja yalikuwa hapa, meusi, na upepo umetulia kabisa, unajua ule utulivu. Nilienda kuchomoa waya. Mama alikuwa ameshaketi. Alinishika mkono.

"Acha kwanza."

Nikamwambia, "Mama, tazama nje."

"Nimetazama. Acha."

Linah, huyo ni Mama. Ni yeye aliyekuwa akitufungia jembe ndani ya nyumba. Zaburi ikaanza na mimi nimesimama hapo, mkono kwenye waya, na mkono wake juu ya wangu, na redio inakwaruza kila mara mwanga wa radi unapopiga. Aliinama mpaka sikio likagusa redio. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Jepkemei alikuwa ameenda chumbani amejifunika blanketi. Nilisikia nywele za mikono zikisimama na sikungoja tena, nikachomoa nikautupa waya dirishani. Nyumba yote ikawa nyeupe. Radi ilipasua mkaratusi wa jirani, ule mkubwa wa mpakani, kutoka juu mpaka chini. Ng'ombe walivunja boma. Sote tuko salama, nguzo pia imesimama, redio inafanya kazi.

Mama hakuutazama hata huo mti. Alisema, "Hayumo."

Nikauliza nani hayumo.

"Linah. Huyo anayeimba peke yake si yeye."

Ndiyo mara ya kwanza kutaja jina lako tangu uondoke. Nikamwambia ni wewe, umeandika mwenyewe kwamba zaburi unaimba wewe. Nikamwambia redio hubadilisha sauti, na umefunzwa kuimba kwa njia nyingine. Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayemuuzia maziwa yenye maji.

"Mimi namjua akiita na namjua akikohoa. Tangu ile Jumapili ya kwanza nilijua si yeye. Nikasema labda yuko na hao wanaofuata. Nimekuwa nikimtafuta humo ndani wiki zote hizi, mmoja mmoja. Hayumo hata kwa hao."

Kisha akaniuliza, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Nipe jibu.

Kipkirui


Ndabibi,
18 Mei 2025

Linah,

Jumapili ya kwanza ya mwezi imepita na barua haikuja. Nilipiga simu ya ofisi ya huko kwenu. Haikushikwa. Siku nyingine ikashikwa na msichana akasema Sista Winrose hayupo, ameenda Nakuru, akirudi nitaitwa. Nikamwuliza, "Linah ni mzima?" Akasema, "Tunamwombea." Mtu mzima haombewi kwa sauti ya namna hiyo.

Nilitaka nije mara moja. Lakini Jepkemei amepandwa na presha, muuguzi amesema asiachwe peke yake hata nusu siku. Nilikuwa nikitoka nje nikirudi, nikishika kofia nikiiweka. Mama aliniona. Jumanne asubuhi niliamka nikamkuta ameshavaa koti la Baba, lile la mvua, na kibuyu cha maziwa ya mursik kimefungwa vizuri ndani ya kikapu.

"Unaenda wapi?"

"Dundori."

"Hujui njia, Mama."

"Nina mdomo."

Simu yake aliiacha mezani. Sijui kama alisahau. Siku mbili nzima sikusikia lolote. Nilikamua, nikapika uji wa Jepkemei, nikasimama langoni nikiangalia barabara, mpaka Jepkemei akaniambia niache kusimama hapo, kwamba hapo si mahali pa mtu kusimama. Alhamisi jioni simu ikaita, nambari ya Shangazi Chepchumba wa Kiamunyi, pale Nakuru. Alikuwa Mama. Alisema, "Niko na Linah. Anapumua vizuri. Wewe kaa na mke wako." Akakata. Nilipopiga tena, Shangazi akasema Mama ameshaingia kuoga na yeye mwenyewe ameambiwa asiseme, kwamba utasema wewe.

Anapumua vizuri. Nimeyageuza hayo maneno pande zote. Kwani ilikuwa apumue vipi?

Nguzo nimeishusha. Mvua ni nyingi sana, na sioni ni ya kumsikiliza nani. Barua hii naituma kwa mkono wa jirani anayepeleka mboga mjini, atamwachia Shangazi. Mrudishie jibu huyo huyo. Hata mistari miwili. Hata mmoja.

Kipkirui


Hospitalini, Nakuru,
22 Mei 2025

Ndugu yangu Kipkirui,

Nianze na lile unalolitaka. Mimi ni mzima. Nimepasuliwa shingoni, nina bandeji kama kola ya padri, na nitarudi Dundori wiki ijayo daktari akikubali. Mwambie Jepkemei apumzike. Namwombea sana, na si kwa sauti ya namna ile, usianze kusikia vibaya.

Sasa nikueleze. Mwezi wa kwanza nilihisi kitu kigumu hapa chini ya koo, kama punje ya njugu. Nilisema ni mafua. Mwezi wa pili sauti ikaanza kukatika katikati ya zaburi, na Sista Winrose akaniondoa kwenye kwaya akanileta kwa daktari. Hiyo ndiyo shughuli niliyokuandikia. Aliyekuwa akiimba ni mwenzangu Chelagat. Nilipokuandikia kwamba zaburi huwa naiimba mimi, ilikuwa kweli. Ulipoandika "tumekusikia", haikuwa kweli tena, na sikuweza kukurekebisha. Wewe ulikuwa juu ya ngazi, Jepkemei alikuwa analia, Mama alikuwa amesogeza kigoda. Ningeandika nini? Kwamba Mama amemsogelea mtoto wa mtu mwingine?

Na kulikuwa na woga mwingine. Masista wanataka mtu mwenye afya. Nilifikiri nikisema nimeugua, Mama atasema utawa umeniua, na masista watasema nirudi nyumbani, na nitakuwa sina pa kusimama. Sista Winrose alitaka kuwapigia simu, nikamsihi angoje mpaka uvimbe utolewe tujue ni wa aina gani.

Majibu yametoka jana. Si ile aina mbaya. Nimeirudia kuisoma hiyo sentensi kabla ya kuendelea.

Mama alifika Dundori Jumanne, mchana. Sista Winrose ndiye aliyenisimulia. Alimkuta langoni na koti la mvua na kibuyu, akamwuliza, "Mama, tukusaidie?" Mama akajibu, "Nimekuja kumwona yule mtoto ambaye haimbi." Sista alimwingiza ofisini akamwambia yote.

Mimi nilikuwa nimepasuliwa Jumatatu. Jumatano saa ya kuwaona wagonjwa nilifungua macho nikaona koti la Baba mlangoni. Nitakuambia ukweli, kwa dakika moja sikujua niko upande gani wa dunia. Alikuja akasimama karibu na kitanda. Nilitaka kumwamkia, muuguzi akakimbia akasema, "Mama, usimwongeleshe ajibu. Daktari amemkataza kutoa sauti hata kidogo, mpaka kidonda kishike."

Mama akavuta kiti. Akasema, "Mwaka mzima mimi ndiye niliyekataa kuongea. Sasa wewe ndiye huwezi. Basi nyamaza, nikuambie."

Na akaniambia, Kipkirui. Hujawahi kumsikia Mama akiongea hivyo. Aliniambia habari ya ndama aliyehara, ya miguu ya Jepkemei, ya mkaratusi wa jirani. Aliniambia jinsi ulivyoganda na waya mkononi, na alicheka. Aliniambia kwamba kila Jumapili ukimaliza kuzima redio alikuwa akienda kukamua akihesabu zile sauti upya kichwani, asije akawa ameniruka, ndivyo alivyosema, "nisije nikawa nimekuruka." Muuguzi alikuja kumwambia muda umekwisha, akarudi kesho yake akaendelea pale alipoachia. Siku ya tatu alizungumza habari ya Baba, ya kabla hatujazaliwa, mambo ambayo nitakusimulia mdomoni na si kwa kalamu, mdomo ukirudi.

Daktari anasema mshipa wa sauti uliguswa. Nitaongea. Kuimba, hajui. Labda mwaka, labda basi. Nimelia kwa hilo, bila kutoa sauti, ambayo ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri.

Sista Winrose alikuja jana jioni na Mama bado yuko. Alisema masista wameketi, na hawanifukuzi, nitaongezewa miezi kwenye malezi kufidia hii ya ugonjwa, kama bado nataka. Mama akageuka kwangu. Akasema, "Nitakuuliza mara moja tu, halafu sitauliza tena. Unataka kurudi huko?"

Nikaitikia kwa kichwa. Iliniuma shingo.

Alitazama dirishani. Mvua ilikuwa imeshuka upande wa ziwa, na nilijua kwamba ananiona nikienda, na kwamba hapendi, na kwamba hatasema anapenda. Kisha akamwuliza Sista Winrose, "Huko juu kwenu, hawa wasichana mnawapa blanketi ngapi?"

Sista akasema kila mmoja ana mbili.

"Huyu mpe tatu," Mama akasema. "Tangu akiwa mdogo, alfajiri anaamka miguu ikiwa ya baridi."

Sista akatoa kalamu akaandika.

Mama atarudi kwenu Jumamosi. Mpokee langoni, asikute hujatoka. Anasema nguzo uirudishe mvua ikipungua, kwa kuwa taarifa zile za Kikalenjin zilikuwa zinasikika vizuri. Na amesimama hapa juu ya bega langu akitaka nimalize, ananiambia nikuandikie kwamba anawasalimu. Ni yeye amesema.

Dadako,
Linah